Mstari wa Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi
Mjomba kaja kituoni, kofia mkononi — kwa sababu ya upepo, si adabu. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya jiwe la historia. Nani mwingine! Jiwe litasimama njia panda, mistari ishirini. Ya jiografia niandike mimi, kwa kuwa nasoma vipimo vya hali ya hewa. Historia ataandika yeye. Nikauliza, na ule moto mkubwa je? Akasema historia haichagui. Mtu anayechagua hata kiti msibani!

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika: bonde ni jembamba juu, pana chini. Juu kuna pengo kati ya milima miwili. Upepo huingia humo baada ya saa sita mchana, hushuka hadi jua lizame. Ndiyo maana milango yote inatazama chini, na hakuna anayewasha moto nje mchana.

Mjomba amefuta neno "jembamba". Eti linatudhalilisha. Kisha akanionyesha mstari wake wa kumi na nne: "Mwaka wa moto mkubwa, cheche za mhunzi wa juu ziliteketeza nyumba kumi na tisa."

Mhunzi wa juu ni baba yangu. Shemeji yake mwenyewe! Baada ya moto ule hakuna aliyemletea hata jembe la kunoa. Miaka sita, kisha akafa. Kaburini walikuja wanne, wa tano mchimbaji. Na sasa anachongwa kwenye jiwe, hata jina hakupewa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeshusha madaftari ya zamani ya kituo kutoka juu ya kabati. Vumbi, mavi ya panya. Miaka thelathini na moja nyuma. Siku ya moto, saa tisa alasiri: "Upepo mkali. Kutoka CHINI."

Nimesoma mara tatu.

Hutokea, siku mbili tatu kwa mwaka, upepo hugeuka ukapanda. Nauandika mwenyewe kila mara! Ila watu wa hapa ukiwauliza watakuapia kuwa upepo unashuka, basi. Siku ile waliona majivu, wakatazama juu, wakamwona mhunzi. Hakuna aliyegeuza shingo.

Cheche za baba zingeishia kwenye mawe ya pengo. Moto ulitoka chini. Na chini ya nyumba zile kulikuwa na kitu kimoja tu: mizinga ya nyuki ya mjomba. Alikuwa akirina asali kwa moshi, mchana kweupe.

Kikulacho ki nguoni mwako. Namchukia. Nimeandika na sifuti.

Jumamosi, 8 Machi
Kwa mchonga mawe. Nimemwomba asubiri. Kasema, "Dada, mimi mkono tu. Mwenyekiti ndiye kichwa. Na jiwe, likishachongwa, halina kifutio." Amefika mstari wa kumi na moja.

Nimerudi kulitazama daftari. Nilikuwa kipofu Alhamisi. Ile tarakimu 9 ya saa — mkia wake umepinda kushoto kama ndoano. Naijua. Iko kwenye kila barua niliyoletewa shuleni. Msomaji wa vipimo wa zamani alikuwa mgonjwa-mgonjwa, na mfagiaji wa kituo alimsomea mishale ya upepo na kumwandikia.

Mfagiaji alikuwa mama.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwekea mama daftari mezani. Hakulifungua. Nikamwambia, mama, ulijua. Akaendelea kukunja nguo.

"Nilijua."

Na baba?

"Baba yako alikuwa mhunzi. Mkono wake ulizoea moto."

Nikapiga kelele. Miaka sita walimpita bila salamu, wewe ukimpakulia chakula na kunyamaza! Akanitazama kama mtoto aliyemwaga maziwa. "Mume nilipewa. Kaka nilizaliwa naye. Kaka wangemuua, wewe. Baba yako walimsusa tu."

Tu!

Nimelia kwa hasira, si huzuni. Kesho nampelekea mchonga mawe daftari. Na kamati nzima.

Jumatatu, 10 Machi
Saa nne. Daftari halipo mezani. Mama yuko kwenye kiti chake cha dirishani, amekaa juu kidogo kuliko kawaida. Amelikalia! Mwanamke wa miaka sabini na nne amekalia upepo wa siku ile, anashona kifungo.

Nimesema, inuka mama. Hakuinuka. Nimesema nitakuinua. "Niinue, basi." Sikuweza kumgusa. Nyundo ya mchonga mawe inasikika kutoka njia panda, tok, tok, inanyamaza, inaanza tena. Sijui yuko mstari gani.

Saa tano na nusu. Mlango wetu unatazama chini kama yote, kwa hiyo namwona mjomba tangu kona ya kwanza. Anapanda polepole, kofia mkononi, na upepo bado haujaanza. Mama naye kamwona. Hakugeuza kichwa.

"Mtilie mjomba wako chai."

Birika liko mekoni. Kiberiti kiko mkono wa kushoto, kalamu wa kulia. Mjomba ameshaanza kubisha hodi. Sijawasha.