Makosa ya Karani, Othaya

Mama Nekesa wangu,

Baridi ya Othaya imenivisha sweta mbili, lakini moyo una joto. Ile kompyuta yetu ya akili bandia, inayokadiria uzee wa mtu kwa damu yake, ilisema nyanya wa hapa ni wadogo kwa miaka kumi kuliko vitambulisho vyao vinavyosema. Mumeo nikadhani nimepata siri ya kutozeeka! Nilikuwa tayari kuitangaza, dawa ianze kutafutwa.

Bahati nzuri nilimuuliza kwanza Cucu Wangari, yaani nyanya Wangari, mchuma chai na mmoja wa hao nyanya, huwa anakula nini. Akacheka hadi akashika kiti.

"Ati kitambulisho? Karani aliangalia tu uso yangu, akaandika miaka. Na siku hiyo nilikuwa nimechoka!"

Akawaita wenzake, wakajipanga kwa rika, mkubwa mbele, wakibishana nani aliolewa kwanza. Mmoja alikuwa na kadi ya ubatizo yenye tarehe ya kuzaliwa, tukahesabu miaka ya wengine kutoka kwake, ikalingana na ile ya kompyuta. Bila Cucu, tungetengeneza dawa ya makosa ya karani. Nilimshukuru, naye akanipa uji.

Mungu atujalie tuzeeke hivyo, mimi nawe, tukibishana nani mkubwa. Najua utanisukuma mbele.

Wako,
Baba Nekesa