Butoni ya Gari Yako na Mukono wa Papa Yako

Mutoto wangu Trésor,

Kwanza pokea salamu za nyumba nzima, mumoja mumoja, usiruke mutu. Papa yako anakusalimia na mukono wa kushoto, juu ya sababu ule wa kulia haujaamuka vizuri tangu mushipa ya kichwa ilipasuka. Dada yako Nadège anakusalimia, angali anashona kwa fundi ku Kamalondo, na mudomo wake ungali vile uliuacha. Koko yako, muzee wetu wa Lukafu, anakusalimia, alitutumia mihogo na neno moja: "Mwambieni Trésor, mihogo haipiti mu telefone." Mimi mama yako ninakusalimia wa mwisho, juu mimi njo niko na maneno mingi.

Ninakuandikia na kalamu mu kaye, mutoto wa jirani atakutumia picha ya ukurasa na telefone yake, juu message zangu Nadège anazisomaka zote, tena weye unajibuka tu na kile kidole cha telefone kinachoangalia juu. Kidole hakiniambii kintu.

Unakumbuka camionnette ya papa yako? Tulikuwa tunaenda nayo Lukafu kutafuta mahindi, weye katikati, mimi ku usukani, papa yako pembeni anasikiliza motere kama mutu anasikiliza radio. Siku moja, pale njia inatelemuka, nilitosha vitesi, ile gia ya tatu, nikatia ya pili, nikaachilia klachi ya muguu ya kushoto bila kupandisha motere na gaz kidogo kwanza. Gari ikaruka, beseni ya tomati ikakumwangikia mu shati ya masomo. Ulicheka mpaka ukalia. Papa yako hakucheka. Alisema: "Motere na magurudumu, usibagonganishe. Baambie kwanza." Nilijifunza mwezi muzima, mpaka ulikuwa unalala mu ule mutelemko bila kuamuka. Sikusoma sana, Trésor, lakini ile nilijua. Papa yako alinipa ile.

Kisha ukanunua hii gari yako, ya viti viwili, yenye kelele. Siku ya kuondoka kwenda inchi ya mbali ulinionyesha butoni, ukasema: "Mama, usisumbuke tena. Ukirudisha vitesi chini, gari inapandisha motere yenyewe." Ukasema tena: "Usiiuzishe. Nikirudi, niikute."

Sitakudanganya, ilinisaidia. Magoti yangu unayajua. Kila juma, siku ya mardi na ya jeudi, ninatoka na papa yako hapa kwetu Kasungami mpaka ku hopitali, kwa yule anayemunyoosha mukono, na ndani ya gari hakuna kugongagonga. Paka kelele tu njo inanipa haya. Nikikaribia rond-point, ule muzunguko wa njia, motere inanguruma, vroum, batu wanageuka. Yule fundi wa Nadège aliniuliza: "Mama Trésor, unashindana na nani?" Nikamujibu: "Na magoti yangu. Njo yanashinda."

Lakini papa yako hakuipenda hata siku moja. Kila mara motere ilipopanda yenyewe, alikuwa anageuza uso ku dirisha. Anasema maneno kidogo kidogo sasa. Alisema: "Inakusaidia... inakusahaulisha." Nikamwambia: "Papa Trésor, uko na wivu na butoni?"

Sasa sikia kilichotokea. Mukanika alikuja kubadilisha batri, akagusa ile butoni, akaizima, hakusema. Na mimi sikuangalia taa ya butoni. Kulikuwa mvua. Tulifika mu mutelemko wa kabla ya daraja, nikatia ya pili, nikaachilia muguu, nikangojea gari ifanye kazi yake. Haikufanya. Magurudumu ya nyuma yakashikwa, gari ikageuka kama mutu amelewa, tukaingia mu mufereji. Papa yako akagonga ule mukono mugonjwa ku mulango. Hakulia. Aliniangalia tu, akasema: "Nilikufundisha."

Trésor, muguu wangu ulisahau. Miaka yote ile ya Lukafu, ulisahau.

Sasa njo wiki ya tatu papa yako anakataa kuingia mu gari yako. Nikiwasha butoni, anasema haingii, juu hii gari inanifanya mimi mama yako kuwa mutu asiyejua kuendesha. Nikiizima, mimi njo ninaogopa hata kutoka ku mulango wetu. Pikipiki hawezi kukamata. Taxi wakisikia Kasungami na mvua, wanakata telefone. Vidole vyake vinaanza kujifunga, hiki kidogo hakifunguki tena hata na maji ya moto. Asubuhi ninazima butoni, ninaenda peke yangu mu njia ya mashamba, ninajaribu: kushoto chini, gaz kidogo, tia, achilia. Mara mbili inakubali, mara ya tatu inaruka. Bamama wa mihogo wamezoea, wanasema: "Ule mama na farasi yake." Mimi ninacheka nao, kisha ninarudi, ninamukuta amekaa ku kiti, amevaa viatu. Anavaa viatu kila mardi na kila jeudi, Trésor. Anavaa, halafu haingii.

Nadège anasema: "Uuzishe, ununue ya otomatiki, vitesi inajipanga yenyewe, muguu ya kushoto inapumuzika, na hakuna mutu atasema umesahau, juu haina cha kukumbuka." Papa yako alisikia, akatingisha kichwa: ndiyo. Ile anaikubali. Mimi njo sikubali. Nilikuambia nitaichunga mpaka urudi. Majirani wakiiona mu parcelle yetu, mbele ya nyumba, wanasema, "Trésor atarudi, gari yake iko." Na mimi ninasema vile vile, ninaisafisha vumbi, ninasema vile vile.

Basi unifungue ile ahadi, mwanangu. Ukiniambia nichunge, uniambie pia mwezi gani unarudi, juu vidole havingojei. Ukiniambia niuzishe, nitaelewa kwamba kule njo kumekuwa kwako. Sitakasirika. Nitalia siku moja, jeudi inayofuata nitamupeleka papa yako na ya otomatiki.

Usinitumie kidole. Andika neno lenyewe, hata moja, mbio, mbele jeudi haijafika.

Ni mimi mama yako, niliyekuzaa, ninangoja.