Merikebu Aliyoijenga Baba

Sydney, 3 Machi 1836

Dada yangu Thirza,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ukiacha magoti. Kifua chako je?

Kwa heshima na taadhima natangaza: mbuzi wa melini amekula kofia ya nahodha. Nahodha kanuna tangu Jumapili, mbuzi hajambo.

Merikebu yetu Hannah Pym inazeeka vizuri kuliko mimi seremala wake. Baba aliijenga ibebe makaa ya mawe, ikaja kubeba wafungwa, sasa inakwenda tupu Batavia kutafuta sukari. Halafu nyumbani, moja kwa moja. Nitunzie kiti changu pale penye moto.

Mdogo wako,
Josiah

Whitby, 9 Desemba 1836

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi nakohoa, ukuta unaitikia. Ndiyo mazungumzo ya nyumba hii.

Wanasema Hannah Pym haikufika Batavia. Wake wa mabaharia wameanza kunishika mkono polepole, nami sitaki kushikwa. Paka alikalia kiti chako, nikamtimua.

Naipeleka hii kulekule Sydney. Kama uko hai, niambie kweli. Vichekesho vyako navijua, umejificha humo tangu utoto.

Dada yako,
Thirza

Sydney, 11 Juni 1837

Dada,

U hali gani? Niko hai. Hilo ndilo lililonishinda kuandika.

Kwenye miamba ya Torres, njiani kwenda Batavia, meli ziendazo magharibi hutia nanga alasiri mapema, maana jua likiwa mbele huwezi kusoma rangi ya maji ujue mwamba uko wapi. Siku ile nahodha akasema, "Twende kidogo tu."

Nikamwambia, "Bwana nahodha, bahari yote inang'aa kama sinia."

"Seremala, kaa na misumari yako."

Nikaenda kukaa na misumari yangu.

Tukagonga. Nilipiga pampu mpaka viganja vikachunika. Mbao za baba zililia sana, kisha zikaachia. Alizama mbuzi, akazama nahodha, wakazama wengi. Sisi wachache tulivuta makasia hadi kisiwa chenye pango ambamo meli zipitazo huwaachia waliovunjikiwa na chombo biskuti, maji na sanduku la barua. Tukala. Nikapata karatasi, nikaandika "Dada", basi.

Meli ikaturudisha hapa. Sasa natengeneza viti. Nauli ninayo. Kila meli ya nyumbani ikija nashuka gatini na mzigo wangu, na kila mara miguu inakataa kupanda.

Siji, dada. Mwache paka akae.

Mdogo wako,
Josiah