Filitri ya Pili ya Kamio Yetu

Alunguli, Kindu
Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri

Mama yangu mupenzi,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, ijapokuwa ungeiona mikono yenyewe usingekubali ikuguse. Nimeisugua kwa sabuni, nikaisugua kwa majivu, nikashuka mutoni Lualaba kuisugua kwa muchanga, na bado kucha ziko nyeusi. Hali yako wewe? Miguu ingali inavimba asubuhi, ao ile dawa imesaidia? Na Zaina wangu, anakula? Kikohozi kimemwacha? Nguo niliyotuma kwa yule mama muuza samaki ilimuenea, ao amekwisha kuipita? Usinifiche kitu. Mara ya mwisho kaka yangu, yaya Idi, aliniambia kwa simu kama mutoto sasa anakuita wewe mama, na mimi ananiita "mama ya Kindu". Nilicheka kwenye simu. Kisha nikaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yangu.

Yaya Idi, wewe unayemusomea, usiruke mahali ninapokasirika. Soma yote. Kwa simu nisingeweza, krediti ingeisha kabla sijafika katikati.

Tuko wazima huku. Kasimu, mudogo wake Zaina, ameota meno ya mbele na anauma kila kitu, hata bega langu. Lakini Mama, nyumba yangu inanuka. Inanuka mafuta ya moteri toka mulango mupaka kitanda, na mimi nimechukia mupaka nakulia nje.

Unakumbuka tulikuahidi kama kamio yetu ya mizigo itakuja Lubutu kumuchukua Zaina mbele ya mvua kukata njia. Habari yote ninayokuandikia hapa njo habari ya hiyo safari. Kamio ilikuwa tayari, chumvi na sabuni za kupakia zilikuwa tayari. Halafu Baba Zaina akaletewa na rafiki yake, shofere anayeendesha mupaka Goma, kitu wanachoita filitri ya pili.

Nitakueleza vile mimi nilielewa. Moteri iko na filitri yake ya siku zote, mafuta yanapita humo mbio mbio na inashika uchafu mukubwa tu. Hii ya pili ni kikopo cha chuma kinachofungwa kando. Tiyo moja nyembamba, kama mupira wa maji, inachota mafuta kidogo kutoka kwenye moteri, yanapita ndani ya kikopo polepole, na tiyo ingine inayarudisha yakiwa safi. Na ndani ya kikopo, kinachosafisha ni nini? Karatasi ya choo, Mama. Rulo nzima, imekazwa humo. Nilidhani wananichezea.

Shemegi Ramazani, mukubwa wake Baba Zaina, alipoiona ile rulo alijishika mbavu.

"Walayi! Kamio ya baba yetu leo imejifunza kupanguza matako! Sisi wenyewe tunatumia maji, yeye anataka karatasi!"

"Cheka tu, yaya," Baba Zaina akamujibu. "Mafuta mazuri tutayatoa wapi hapa? Yale ya chupa kule soko, nusu ni ya zamani wamechuja. Mimi naenda kumuchukua mutoto wangu. Sitaki moteri inifie ndani ya pori kati ya Punia na Lubutu, na Zaina yuko ndani."

Nililipenda hilo neno. Njo maana mambo ya kwanza niliyavumilia.

La kwanza ni sufuria. Shemegi alitaka chombo cha kumwagia mafuta ya zamani. Unadhani aliuliza? Aliingia jikoni kwangu akachukua ile sufuria kubwa uliyonipa nikiolewa. Niliporudi na maji nikaikuta chini ya tumbo la kamio, imejaa kitu cheusi kizito, kinanata kama kamasi, na panzi amezama humo anatupa miguu.

"Shemegi, hiyo ni ya chakula!"

"Majani ya sombe nayo si unayapika na mafuta? Utaosha."

Nimeosha, Mama. Nimechemsha majivu humo, nimechemsha majani ya mupapai. Juzi nikapika sombe, tonge la kwanza likaniletea kamio nzima mudomoni. Nikatema mbele ya wageni.

La pili ni vikwembe vya Kasimu, nepi zake. Nilikuwa nimevianika, vimekuwa vyeupe na jua. Shemegi akavitoa kwenye kamba kimoja kimoja akapanguza navyo mikono, vyuma, shingo, kila kitu. Ati vya choo vinafaa kazi ya choo. Na Kasimu naye, anayetambaa, akafika pale akashika kimoja akakitia mudomoni. Nilimutolea kwa kidole ute mweusi, nikatapika mimi, yeye anacheka.

Unajua vile kwetu huku bibi hasimami na maneno mbele ya mukubwa wa bwana yake. Akifika nyumbani namupa kiti, nashusha macho, naenda kutengeneza chai. Na kwa Shemegi iko sababu ingine. Kamio hii njo yeye aliyeiokoa. Wakati wa vita Baba Zaina alikuwa mutoto mudogo na baba yao alikuwa amekwisha kufa. Shemegi alikuwa kijana tu. Alifungua magurudumu, akafungua pompi ya moteri, akavizungusha ndani ya mikeka na mawese, akavizika katika shamba la mihogo. Askari walipofika wakakuta boksi tupu limesimama kwenye matope. Wakakojoa humo, wakaenda. Kisha akaifufua. Hakukuwa na mafuta mapya popote, basi alikuwa anamwaga yale ya zamani, anayachuja na kikwembe cha mama yake, anayarudisha. Na kila kitu wakati ule kilikuwa kimeziba, kwa kutu na udongo wa kaburi. Kila tundu alilifungua na musumari. Mukono wake umebaki na hayo mazoea. Akiona tundu dogo, kwake limeziba.

Sasa sikiliza. Jumamosi Baba Zaina alivuka Lualaba na pirogi kwenda mujini kutafuta vyuma vya kukazia tiyo. Aliacha neno: "Yaya, usifunge kitu, ningoje." Shemegi hakungoja. Alishika kifuniko cha kile kikopo. Pale mafuta yanapotokea pana katundu kembamba, sindano ya kushonea nguo ingepita kwa taabu. Akapuliza, mashavu yakajaa.

"Hii imeziba. Wamemuuzia mudogo wangu kitu kibovu."

Akatia musumari, akapiga nyundo, akazungusha, akapiga tena, mupaka kidole cha Kasimu kingeweza kuingia. Mimi nilikuwa pale napepeta muchele. Niliona muntu anaharakisha safari ya mutoto wangu, nikaendelea kupepeta.

Baba Zaina akarudi. Wakafunga kikopo pamoja, tiyo ya kwanza pale inapokaa waya ya taa ya mafuta, tiyo ya pili juu kwenye kifuniko cha kutilia mafuta. Jumapili asubuhi wakajaza mafuta mapya, moteri ikaitika mara moja. Majirani wakapiga makofi. Baba Zaina akaniambia nipande kwenye kabini na Kasimu.

"Mama Zaina, ona ile taa ndogo nyekundu. Ikiwaka, maana yake mafuta hayafiki mahali yanapotakiwa. Uite."

Akaenda kuwaita wabebaji.

Mwanzo taa ilikuwa imelala. Moteri ilipopata moto na kuanza kunguruma polepole, taa ikakonyeza. Ikakonyeza tena. Kisha ikawaka, ikabaki.

"Shemegi! Taa!"

Akapanda, akaitazama, akaigonga na kidole, akatema mate nje ya dirisha, akashuka. Nikamusikia anafungua kifuniko cha mbele. Taa ikazimika. Nilifurahi, Mama, nikamubusu Kasimu kichwani. Halafu nikatoa kichwa dirishani, nikamuona ameshika ncha ya waya, anaizungushia kipande cha mufuko wa nailoni.

"Umetengeneza, shemegi?"

"Nimetengeneza."

"Ao umekata waya?"

Akaniangalia. "Hizi taa zinasema uongo. Wakati wa vita tulitembea mupaka Kalima bila taa, bila saa, bila breki. Wewe chunga mutoto wako. Na bwana yako usimuchoshe kichwa, jua limepanda."

Nilibaki nimekaa kwenye kile kiti. Ni kiti ambacho Zaina angekalia. Habari za moteri mimi sizijui, masomo yangu uliyalipia wewe na unajua yaliishia wapi. Nilijua kama taa ilikuwa inasema kitu, na muntu ameiziba mudomo. Kuzima kamio najua. Nikazungusha funguo, nikaichomoa, nikaifunga ndani ya pindo la kikwembe nilichojifunga kiunoni, nikashuka.

"Washa!"

"Tumungoje Baba Zaina, shemegi."

"Leta funguo! Mwanamuke, umetoka Lubutu na mukeka mumoja kwenye kichwa, leo unatufundisha kamio ya baba yetu?"

"Sifundishi. Nakuheshimu. Funguo nitamupa baba ya mutoto."

Nikapiga goti mbele yake, palepale kwenye yale mafuta yaliyomwagika, yakaingia kwenye kikwembe mupaka ngozi, vuguvugu, na yananuka. Nikamuomba masamaha kwa mikono miwili. Na funguo sikutoa. Alinitukana mbele ya majirani maneno ambayo yaya Idi asingekusomea hata nikiyaandika. Nilibaki na goti langu chini mupaka Baba Zaina alipofika na wabebaji nyuma yake.

"Kuna nini hapa?"

"Uliza bibi yako," Shemegi akasema. "Amekuwa fundi mekanisie."

Nilimwambia Baba Zaina maneno mawili tu, taa na waya. Mama, uso wake ulikuwa unaniumiza. Huku mukubwa wake aliyemulea, huku mimi kwenye matope ya mafuta. Akaenda mbele, akatoa nailoni, akarudisha waya. Akanyoosha mukono, nikampa funguo. Akawasha. Taa ikawaka nyekundu, mbele ya watu wote.

Akazima. Akafungua kikopo, akageuza kifuniko, akagusa lile tundu na kidole.

"Yaya, tundu hili lilikuwa hivi?"

"Lilikuwa limeziba."

"Halikuziba, yaya. Ni hivyo linatakiwa, mafuta yapite kidogo kidogo. Sasa yote yanakimbilia humu, na moteri inabaki na kiu. Tungefika Punia ikiwa imejitafuna."

Shemegi alikaa juu ya gurudumu la akiba. Akapanguza jasho na kikwembe cha Kasimu, uso wote ukawa mweusi. Hakuna aliyecheka, hata wabebaji.

Baba Zaina akavuka tena na kile kifuniko. Muntu wa kuchomelea akaziba tundu na shaba, kisha fundi wa saa, kule karibu na gare ya treni, akalitoboa upya na kekee yake ndogo kabisa, ile ya kutengenezea saa za mukono. Jana wakafunga. Moteri ikapata moto, ikanguruma polepole, na mimi ndani ya kabini macho hayafumbi. Taa haikuwaka. Wakaenda njia ya Kalima wakarudi. Haikuwaka.

Wananiambia sasa nifurahi. Nafurahi, Mama, Mungu anajua, usingizi umerudi. Lakini uchukivu haujatoka. Sufuria nimeitupa. Vikwembe nimechoma, na moshi wake nao ulikuwa unanuka. Shemegi hajaniomba masamaha na hataniomba. Akipita namupa kiti kama siku zote, kisha naenda kukisugua kwa majivu. Siku moja nitaacha kukisugua. Alichokiokoa wakati wa vita sisahau. Nitaomba tu kazi nyingine wafanyie kule gare, si uwanjani kwangu.

Musalimie bibi ya yaya Idi, wifi yangu, mwambie mbegu za mboga za lengalenga alizonipa zimeota. Musalimie shangazi anayeuza maandazi, na mupwa wangu wa darasa la sita, asome. Musalimie muzee jirani aliyenifundisha Kurani, kama macho yake bado yanaona.

Barua hii haikuja kwa posta, Mama. Ni Baba Zaina mwenyewe anayeishika, na ukiisikia inasomwa, basi kamio imesimama hapo nje na moteri nzima. Shemegi amekuja naye. Wape maji ya kuoga mbele ya chakula, utaona kwa nini. Wewe mwenyewe, miguu ikikuruhusu, njoo na mutoto. Nafasi iko, na sitakuuliza mara mbili.

Zaina asipande juu ya mizigo hata akilia. Akae katikati, kati ya baba yake na baba yake mukubwa. Mbele ya kuondoka muonyeshe pale chini ya usukani, pale penye taa ndogo. Mwambie akiiona nyekundu apige kelele. Na wakubwa wakimwambia anyamaze, apige tena.

Mutoto wako anayekupenda,
Mwamini