Kipande Chako cha Katikati ya Mteremko

Nyumba ya Nyuma ya Kinu,
S.L.P. 47.
9 Machi.

Mpendwa Kaka,

"Jangwa likishaamua kuja halizuiwi na miche. Mnapoteza nguvu bure." Hayo ni maneno yako, ukurasa wa pili wa barua yako, na nimeyapigia mstari kwa wino mwekundu kama daftari la mwanafunzi mvivu. Nitayajibu. Lakini sikulelewa porini, kwa hiyo kwanza shikamoo. Goti linaendeleaje? Wifi amepona kikohozi? Sisi huku ni wazima. Mgongo wangu hulalamika asubuhi, ukishapata kazi unanyamaza, kama watu wengi ninaowajua.

Sasa tuje kwenye jangwa lako. Jangwa haliamui kitu, Kaka. Mteremko wetu ulikatwa kwa shoka, na mimi na wewe tulikuwepo. Kila likizo tulibeba kuni za tanuri la matofali la Baba, mpaka siku tulipopanda hadi kileleni tukakosa hata kijiti cha kuchokolea meno. Kilichoondolewa kwa mikono ya watu, kwa nini kisirudishwe kwa mikono ya watu? Nijibu hilo bila kumtaja Mungu, maana yeye shoka hakushika.

Nakiri kwamba mwaka wa kwanza tulishindwa, na chanzo ni mimi. Vijiji vinane vilipokubaliana kupanda mteremko mzima, nilipewa kazi ya kuandika matangazo, kwa kuwa hata majirani sasa wananiita Wakili kwa ubishi wangu, kama mnavyoniita nyinyi. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikabandika kwenye mlango wa kitalu: atakayeacha kiriba hata kimoja shambani atanijua. Viriba unavikumbuka, vile vifuko vyeusi vya plastiki vya kuoteshea miche. Mvua ikanyesha, watu mia mbili wakapanda miche elfu nne kwa siku tatu, nami nikapita nyuma yao nikikagua. Sikuona kiriba hata kimoja. Nikawasifu.

Baada ya miezi minne miche ilikuwa mikavu kama njiti za kiberiti. Bwana misitu akaja, akachomoa mmoja, ukatoka na kiriba chake kizima, mizizi imejisokota humo ndani kwa kukosa pa kutokea.

"Nani kawaambia mpande na mfuko wake?" akauliza.

Shangazi, unamjua hana breki, akasema, "Muulize huyo mwenye kalamu."

"Mimi? Mimi nilisema msiache mifuko shambani."

"Ulisema ukiuona mfuko tutakujua. Uliuona?"

"Sikuuona."

"Basi tulikutii. Tuliizika yote."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilicheka pia, baada ya siku mbili hivi. Nimesoma vitabu vingi, Kaka, lakini hakuna kilichonionya kwamba watu wakiuogopa ukali wako watakutii hata pale utii unapoua miti. Tangazo nimelibandua. Siku hizi kila mpandaji huchana kiriba kwa wembe, hukichomeka kiunoni, na jioni tunahesabu viriba badala ya miche. Shangazi akirudi nyumbani utadhani amevaa sketi ya manyoya ya kunguru.

Tulipanda upya kwa namna hiyo, na upandaji huo wa pili una miaka miwili sasa. Katika kila miche kumi, saba i hai, na kwa Shangazi minane, jambo ambalo tunakumbushwa kila tukikutana naye. Mirefu imenipita mabega. Nyasi zimerudi chini yake, na lile vumbi lililokuwa likiingia hadi kwenye chai limepungua. Juzi nimeng'oa misumari aliyopigilia Mama kuzuia vumbi kwenye dirisha la upande wa mteremko, nikalifungua. Nilikaa pale mchana kutwa nikisahihisha madaftari, na sikuyafuta vumbi hata mara moja. Sina hakika kama nimewahi kuwa na mchana mzuri kuliko ule.

Lakini katikati ya kijani hicho kuna mfereji mwekundu, nao ni wako. Kipande ulichorithi kiko kati ya changu na cha Shangazi, na bila idhini yako hatukukigusa. Mvua ya mwezi uliopita ilishuka pale kama imefunguliwa mlango, ikafukia mashimo mia tatu ya miche upande wa chini. Miche ya jirani yetu mjane, yule mshona nguo, imekwenda yote. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Kaka yako amesemaje?" Nami barua yako nilikuwa nayo mfukoni, inasema unataka kumpa fundi matofali achimbe udongo hapo hapo. Akianza kabla ya mvua kubwa za mwezi ujao, kila kilicho chini kitasombwa, na visima viwili vitajaa mchanga. Ardhi ni yako, sikatai. Maji yanayoshuka juu yake yanafika kwa watu wengine.

Msalimie sana Wifi, na wanangu wote, hasa kitinda mimba anayepinga kila kitu. Huyo ni wangu. Shangazi anakusalimu, anasema anakuombea afya na akili, kwa mpangilio huo. Mungu awalinde nyote, akupe goti la kupandia mlima huu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya kamati yetu ya upandaji, ya kuturuhusu kupanda kipande chako. Dada Mkubwa, najua nawe unaisoma barua hii, umekaa hapo kando ya mdogo wetu sote kwa akili: shuhudia sahihi yake. Kaka, tia sahihi penye alama, umkabidhi shemeji anayesafiri kuja huku Jumamosi. Miche mia sita ya kipande chako imekomaa kitaluni. Usiniandikie neno la kubishana kabla hujaitia sahihi hiyo. Tutabishana baadaye, miti ikiwa ardhini.

Mdogo wako, akupendaye na asiyekuogopa,

Wakili