Wilaya ya Bibi na Wajukuu

Ijumaa, mwezi wa nane. Nje joto halisemeki. Ndani kiyoyozi kinanguruma, lakini kijasho chembamba kinanitoka.

Madam anataka kumpeleka Lili akalelewe na bibi yake, China. Lili ana miaka mitatu, nimemlea tangu hajaota jino. Madam ana duka la taa hapa Deira, Dubai, na anafungua la pili. Kwao ndivyo wanavyofanya: mtoto kwa bibi, mzazi kazini. Lili akienda, kazi yangu nayo khalas, imekwisha.

Tangu saa nne naisoma hiyo wilaya yao kwenye simu kama mtu mwenye mtihani. Iko Guangxi, kusini. Milima ya mawe imesimama mmoja mmoja, kijani hadi kileleni, na mto unapita katikati. Mpunga kwenye matuta, michungwa kwenye mteremko. Treni haifiki, ukishuka stesheni unapanda basi, nusu siku ya kona tupu. Kwenye simu wakazi wameandikwa wengi, lakini madam mwenyewe aliniambia vijana wote wako viwandani huko pwani. Vijijini wamebaki wazee na wajukuu.

Nilipoona yale matuta nilidhani ni kwetu Taita. Hata wanaobaki ni walewale.

Asubuhi, akimsuka Lili, madam aliniuliza, "Wewe mtoto wako umemwacha kwa mama yako. Yuko sawa?"

"Yuko sawa, madam. Hana shida."

Nilidanganya.

Si kwamba analala njaa. Mama anamtunza vizuri kuliko mimi. Ila niliogopa nikisema ukweli, madam ataona napigania kazi yangu. Na naipigania kweli, sitajifanya malaika. Halafu sisi tuliokuja kazi huku tumezoea: ukiulizwa habari za nyumbani, jibu ni salama, hata kama kunaungua.

Sasa madam yuko sebuleni anaongea na mama yake kwa simu, kwa lugha ya kwao, huku anatafuta tiketi kwenye kompyuta. Lili amelala mapajani mwangu.

Nitamlaza, niende nikamwambie madam ukweli. Aamini, asiamini, shauri yake.

Mwanangu Wakesho ana miaka saba. Juzi nilipopiga simu nyumbani alipokea yeye, nikamsikia akimwita bibi yake:

"Mama, ni yule anti wa Dubai."