Mashairi Yaliyokaa Mikononi

Jumapili, tarehe 9, mwezi wa pili

Mjukuu wangu Chiriku,

Marahaba, mama. Barua yako imefika na shikamoo yako nimeipokea kwa mikono miwili. Mimi mzima, ukiacha magoti, na magoti tulishaachana zamani, kila mtu na hamsini zake. Wewe je? Unakula? Kwenye ile picha una shingo kama kuku aliyekimbizwa.

Anayeandika ni fundi cherehani wa mlango wa pili. Nimemwambia aandike ninavyosema, asiniongezee marinda.

Unasema chuo kinataka kuchapa mashairi yote ya marehemu baba yako, na wewe ndiye unayeyakusanya. Vizuri. Walimfukuza kazi, wakabeba makaratasi yake kwa magunia, leo wanamtafutia jalada. Nisiseme mengi, fundi ananitazama.

Tangu siku ya magunia baba yako hakuandika tena hata mstari mmoja. Profesa mzima, aliyefundisha watoto wa watu mashairi, akawa anaogopa kalamu. Alikuwa anakuja kwangu mwisho wa wiki, ananifuata nyuma huku nafanya kazi zangu, anasema shairi, halafu ananiambia, "Mama, rudia." Narudia. Nikikosea, tunaanza upya. Akasema, "Wewe hawawezi kukubeba kwa gunia." Nikamwambia wajaribu, waone uzito wangu. Akaniusia nikae nayo mpaka wewe uwe mtu mzima, nisimpe mwingine. Sasa umekuwa. Fundi simhesabu, yeye kalamu tu. Amenuna, lakini ameandika.

Hili la kwanza nimemtajia nikifagia uani, yeye ananifuata na kigoda:

*Nafagia langu jani, lililoanguka jana,*
*Upepo haunioni, kesho utaleta tena,*
*Fagio li mkononi, sichoki wala kuguna,*
*Aliyelitupa nani? Sitamuuliza jina.*

Mengine yapo, yatakuja mojamoja. Fundi anataka nikwambie habari za sufuria. Sikwambii.

Bibi yako

(Sufuria imeungua mara mbili. Moshi ulifika kwangu. Mimi, fundi.)

---

Alhamisi, tarehe 20, mwezi wa pili

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima na ninakula, usiwe na wasiwasi na shingo.

Nilipolisoma shairi nililia ofisini, mkuu wa idara akadhani nimefiwa. Naye alikuwa mwanafunzi wa baba. Alilisoma akiwa amesimama, akakaa, akasema, "Kuna mengine?" Nikasema yapo, Bibi anayo. Anayataka yote kabla mwezi wa sita haujaisha, ndipo kitabu kinakwenda kiwandani.

Lakini Bibi, sufuria imeninyima usingizi. Ukiungua wewe, kitabu cha nini? Nimeongea na Shangazi. Amestaafu uuguzi na yuko peke yake, atahamia kwako wiki ijayo. Kupika yeye, kufua yeye, kufagia yeye. Wewe kaa kwenye kiti, tulia, ukumbuke. Hiyo ndiyo kazi yako sasa.

Fundi, asante kwa mabano.

Mjukuu wako,
Chiriku

---

Jumapili, tarehe 16, mwezi wa tatu

Kwa Chiriku,

Hatujambo. Mama hajambo. Presha iko sawa, anakula vizuri na anapumzika. Nimemzuia jiko kabisa. Mashairi bado, anasema atayakumbuka. Anakusalimu.

Shangazi yako, kwa niaba ya Mama

---

Jumatano, tarehe 23, mwezi wa nne

Bibi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nimepokea barua tatu kwa mwandiko wa Shangazi, zote zinasema unapumzika na hakuna yenye shairi. Nimejaribu simu, lakini najua masikio yako na simu hamsikilizani. Nilisikia tu ukisema "nani?" mpaka salio likaisha.

Mkuu wa idara ananiuliza kila asubuhi kwenye ngazi. Nimeanza kupanda kwa mlango wa nyuma. Nimekukosea wapi? Una kinyongo na chuo? Au kuna jambo mnanificha? Niambie hata kama ni baya. Hili la kutojua ndilo linaloniumiza zaidi.

Mjukuu wako,
Chiriku

---

Jumamosi, tarehe 10, mwezi wa tano

Chiriku, ini langu,

Marahaba. Leo anaandika fundi. Shangazi yako amekwenda msibani, kwa hiyo ninapumua. Mimi nilikuwa nasema mengi, yeye anaandika machache. Mtu aliyezoea kuandika joto la mgonjwa, unategemea nini?

Nakwambia lililo baya, maana umeomba. Mashairi yalinikimbia.

Alinikalisha kwenye kile kiti chenye mto. Asubuhi uji, mchana wali, jioni ananipima presha. Nikiinua kikombe, ananipokonya. Nikakaa nikumbuke, kama ulivyosema. Nikayaita. Hakuna. Hata lile la jani, ambalo nilishakupa, likawa halina kichwa wala miguu. Chiriku, niliogopa. Sikuogopa hivyo siku ya magunia. Siku ile walichukua karatasi. Safari hii niliona mwizi ni mimi mwenyewe. Nikawa nalala nikijisemea, mwanangu aliniachia kitu kimoja tu nimtunzie, na mimi nimekila. Nikamkataza shangazi yako asikwambie. Naye si mtu wa kusema hata asipokatazwa.

Leo ametoka. Nimeona uchafu uani, maana hafagii pembeni, anafagia katikati tu kama anapaka mtu dawa. Nikachukua fagio. Nilikuwa nimefika kwenye bomba la maji, mdomo ukaanza wenyewe. *Nafagia langu jani.* Shairi zima. Nikamwita fundi, sauti ikasikika mpaka barabarani.

Tukajaribu. Nikachekecha unga, likaja la unga. Nikafua shuka, likaja la maji. Nikachambua mchele, yakaja mawili yamefuatana kama mapacha. Fundi ameandika mpaka kidole kimevimba, yamo yote ndani ya bahasha hii. Ndiyo nikaelewa. Mwanangu hakunipa mashairi kichwani, alijua kichwa changu. Aliyaweka kwenye mikono. Kila nilipotaka kusimama nimsikilize vizuri, aliniambia, "Mama, usiache kazi." Nilidhani ananihurumia uji usiungue.

Kwa hiyo mlinikalisha kwenye kiti mkaninyang'anya vyote. Sikulaumu. Ulinipenda kwa upande usiofaa.

Limebaki moja, la mwisho. Alinipa asubuhi ile kabla hajapelekwa hospitali, asirudi tena. Nilikuwa nakusuka wewe, umekaa chini katikati ya magoti yangu, unalia kama ng'ombe. Shangazi yako hata angekuwepo, ana nywele za kuhesabu. Nimejaribu kwa fundi, kumbe zile si zake. Nimesuka hata pindo la pazia. Kimya.

Njoo nikusuke. Njoo mapema. Vidole vinakaza, na kuna asubuhi naamka sijui ni mwezi gani.

Bibi yako

(Hilo la nywele halikuwa la kuandikwa. Fundi.)

---

Jumatatu, tarehe 19, mwezi wa tano

Bibi,

Shikamoo. Sijui nianzeje.

Sina nywele. Nimekuwa nikizinyoa tangu mwezi wa kwanza, nilichoka na foleni za saluni. Picha niliyokutumia ni ya mwaka jana. Nikipitisha mkono kichwani ni kama brashi ya viatu. Hata uzi haushiki.

Siku ile ya kusukwa naikumbuka kwa maumivu tu. Kichana kilinikwama kisogoni, nikalia, baba akainama kunibembeleza. Shairi sikulijua kama ni shairi. Nilikuwa mtoto, nilikuwa nasubiri umalize nikacheze.

Nimempelekea mkuu wa idara yale ya kwenye bahasha. Alifunga mlango, akayasoma yote. Nikamwambia moja linasubiri nywele. Alinitazama kama nimeugua. Akasema kitabu kiende bila hilo, kiwanda hakisubiri kichwa cha mtu. Nikamwambia basi hakiendi, mimi ndiye mrithi na sisaini. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, na hanisalimii tena.

Bibi, nimekosea?

Mjukuu wako,
Chiriku

---

Jumapili, tarehe 1, mwezi wa sita

Chiriku,

Marahaba. Hukukosea. Asiyekusalimia mwamkie wewe, umtie aibu.

Umenyoa. Haya. Kichwa ni chako. Paka mafuta asubuhi na jioni, usivae kofia, usifikirie mambo mengi, nywele haziipendi hofu. Nywele huota, mama. Kichwa changu ndicho sijui.

Shangazi yako amerudi, tumepatana. Yeye anashika moto, mimi nashika fagio. Ananifuata na kiti asubuhi nzima, utadhani mlinzi wa waziri.

Bibi yako

---

Jumanne, tarehe 21, mwezi wa kumi

Bibi yangu,

Shikamoo. Nilifika salama kutoka kwako, shingo na yote. Bado sijafumua. Kazini wananiambia nimesukwa kama mtoto wa darasa la kwanza, nami nakubali.

Naandika hili ili liwepo mahali, jinsi lilivyokuwa. Ulinisuka mistari mitatu hujasema neno. Wa nne, hujasema neno. Nikasikia Shangazi mlangoni anavuta pumzi. Ukasema, "Halipo, Chiriku. Limekwenda na mwenyewe." Ukataka kuacha. Halafu kichana kikakwama kisogoni, palepale pa zamani, nikashtuka, na mdomo wangu ukasema wenyewe maneno ya baba ya kunibembeleza, *mwanangu usishituke.*

Nawe, kwa sauti ambayo haikuwa ya kizee, ukajibu, *kichana kina fundisho.*

Miaka yote hiyo nilidhani ni kubembelezwa tu. Kumbe nilikuwa na nusu mstari kisogoni. Tukalivuta lote, wewe kipande, mimi kipande, Shangazi akiandika nyuma ya karatasi ya presha:

*Suka mama usichoke, kichwa hiki kina kesho,*
*Neno hili lifichike, lisipatwe na kitisho,*
*Mwanangu usishituke, kichana kina fundisho,*
*Nikienda ukumbuke, kichwani hamna mwisho.*

Mkuu wa idara alilisoma, akatoka nje, akarudi, akaniamkia. Mimi, mdogo wake kwa umri na kwa cheo. Kitabu kimekwenda kiwandani, na hili ndilo la mwisho.

Pumzika sasa, Bibi. Yaani usipumzike. Fagia.

Mjukuu wako,
Chiriku

---

Jumapili, tarehe 14, mwezi wa kumi na mbili

Mjukuu wangu Chiriku,

Marahaba, mama. Mimi mzima, ukiacha magoti. Wewe je? Unakula?

Kuna kitabu kimeletwa hapa, kina jina la baba yako. Shangazi yako ameniwekea mapajani. Kizito. Nimekikagua chote kwa kidole, nimeona wameyapanga vizuri, kila moja na chumba chake. Nimefurahi, lakini moyo hautulii, maana halijatimia. Limebaki moja, la mwisho, lile la asubuhi ya hospitali. Nilikuwa nakusuka. Lipo, Chiriku, nalisikia linatembea kwenye vidole, ila halitoki.

Nywele zako zimeota? Kama zimeota, njoo nikusuke. Usichelewe. Namwogopa mwanangu ataniuliza.

Bibi yako

(Nimeandika alivyosema, sikumsahihisha. Kitabu kilikuwa kimefunguliwa ukurasa wa mwisho. Shangazi yako amekununulia uzi na kichana kipya. Fumua hizo, uje usukwe. Fundi.)